Walioingia, waliotoka na waliokwama

Swali la msomaji: Mwalimu, assalamu alaikum. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya elimu ya mtaa wetu hapa Langoni, Lamu. Mwaka wa saba huu tunachanga na kuwalipia karo watoto wetu walioitwa vyuo vikuu vya serikali. Tumepeleka kumi na mmoja. Wanne wamehitimu. Watatu wangali wanasoma na muda wao haujafika. Wanne wamepitiliza muda wao kwa mwaka mmoja au miwili, na kila tukiuliza tunaambiwa "kuna maksi hazijaingia". Huku nyuma tunasikia redioni kwamba chuo kimeshika nafasi nzuri katika orodha fulani, na kwamba kimepata alama za juu katika kandarasi ya utendakazi. Wazee wameniuliza nikakosa jibu: chuo cha umma kinapimwa vipi, kinampa nani hesabu, na sisi wachangaji tuna haki gani ya kuuliza?

Jibu: Wa alaikumu salaam, dada yangu. Wape wazee salamu zangu, na waambie swali lao nimekaa nalo miaka kumi na tisa katika ofisi za uhakiki wa ubora wa vyuo vikuu, kabla sijarudi Malindi kupumzika. Sisi tulikuwa tukiliuliza kwa majedwali marefu. Nyinyi mmeliuliza kwa watoto kumi na mmoja mnaowajua kwa majina yao na ya mama zao, na nakwambia kweli, mmelikaribia jibu kuliko ripoti nyingi nilizotia sahihi.

Hebu tazama ulichoniandikia. Wanane muda wao umefika; wanne wametoka, wanne wamekwama, na mahali walipokwamia panajulikana: maksi. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kwanza cha chuo cha umma, na vingine vyote huja nyuma yake. Wangapi waliingia, wangapi walitoka kwa wakati, na waliobaki wamekwama wapi. Watu wanane ni wachache mno kukihukumu chuo chenye maelfu ya wanafunzi, lakini wanatosha kabisa kukiuliza. Na swali hilo vyuo vyetu havina mazoea ya kulijibu hadharani. Siku ya mahafali itatangazwa idadi ya waliovaa majoho. Haitatangazwa kati ya walioingia pamoja nao miaka minne nyuma ni wangapi wako nyumbani wanangoja.

Hizo orodha za redioni nitazipitia haraka, maana hazina msaada kwenu. Ile ya Webometrics, ambayo magazeti yetu huipenda sana, ilianzishwa 2004 na maabara moja ya baraza la utafiti la Uhispania, CSIC. Inatazama tovuti za vyuo zinavyoonekana mtandaoni na maandishi ya watafiti wake yanavyonukuliwa. Ile ya Shanghai, iliyoanza 2003, inatazama utafiti wa ngazi ya juu kabisa duniani, hata washindi wa tuzo ya Nobel huhesabiwa. Ni mambo ya maana kwa anayeyatafuta. Ila hakuna hata mmoja kati ya watunga orodha hizo aliyewahi kufika kwenye dirisha la ofisi ya mitihani kuuliza maksi za mtoto wa Langoni ziko wapi.

Na hata orodha inayodai kupima ufundishaji, mara nyingi takwimu zake hupewa na chuo chenyewe. Mwaka 2022 profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Michael Thaddeus, alizipitia takwimu ambazo chuo chake kiliwapelekea wenye orodha ya vyuo ya U.S. News, chombo cha habari cha Marekani. Akaanza na jambo dogo, ukubwa wa madarasa, akaona hesabu haiafikiani na ratiba za masomo ambazo kila mtu anaweza kuzisoma. Chuo kikaja kukiri kwamba baadhi ya takwimu hazikuwa sahihi, na nafasi yake ikaporomoka kutoka ya 2 hadi ya 18 katika mwaka mmoja. Madarasa yalikuwa yale yale na walimu wale wale. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja wa ndani aliketi akahesabu.

Kandarasi ya utendakazi, yaani mkataba wa shabaha ambazo taasisi ya umma huahidi kuzifikia kwa mwaka, inataka maelezo zaidi, kwa kuwa ni chombo cha serikali yetu na kilianzishwa kwa nia njema. Mwaka 2004 mashirika 16 ya umma yalitia saini kandarasi za kwanza, kisha taasisi nyingine zikafuata, vyuo vikuu vikiwemo. Baraza la chuo hutiliana saini na wizara, Naibu Chansela, ambaye ndiye mtendaji mkuu wa chuo, hutiliana na baraza, wakuu wa vitivo hutiliana na Naibu Chansela, hivyo hivyo kushuka chini. Mwaka wa fedha ukifungwa Juni 30, kila mmoja huonyesha alichotimiza, na alama hutolewa.

Tatizo liko kwenye mkono unaopima. Bibi yangu alikuwa akienda kununua kitambaa hakubali dhiraa ipimwe kwa mkono wa mwenye duka. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na mwenye mkono mfupi hupata faida kila apimapo bila ya kuiba kitu. Katika kandarasi hizi shabaha hupendekezwa na chuo, zikajadiliwa na wizara. Mwisho wa mwaka chuo hujipa alama kwanza, ndipo watathmini waje kutazama ushahidi. Ushahidi ni karatasi: kumbukumbu za vikao, picha, barua, orodha ya waliohudhuria semina. Mimi nilikuwa upande wa meza unaopeleka karatasi hizo. Sikuwahi kupeleka ya uongo. Lakini shabaha tuliyojua tutaifikia ndiyo tuliyoiandika, na ile tuliyoiogopa ilibaki nje ya jedwali. Idadi ya wanafunzi waliokwama kwa maksi sikuiona katika kandarasi yoyote iliyopita mikononi mwangu.

Nitakupa kisa kimoja, na chuo chenyewe nisikitaje. Mwaka mmoja shabaha yetu mojawapo ilikuwa mkataba wa huduma kwa wananchi. Bila shaka umewahi kuuona: ni ule ubao mrefu katika kila ofisi ya umma, wenye safu za huduma, mahitaji, gharama na muda. Tukauchapisha kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, tukautundika ukumbini, tukaupiga picha. Tukapata alama zote za kipengele hicho. Wiki ile ile, chini ya ubao ule ule, nilimkuta kijana wa Faza amekaa kwenye benchi na faili ya plastiki ya kijani mapajani. Alikuwa ametoka kwao kwa boti, akavuka hadi Mokowe, akapanda basi la kutwa. Ilikuwa safari yake ya tatu mwaka huo. Juu ya kichwa chake ubao ulisema transkripti, ile hati ya matokeo yote, hutolewa kwa siku kadhaa tu.

Akanifungulia faili. Masomo arobaini na ushei, yote yana herufi mbele yake, isipokuwa moja la mwaka wa pili, muhula wa kwanza, ambalo lilikuwa na kistari. Kistari kile kilikuwa kimemweka nyumbani miaka miwili. Nikashuka naye stoo ya idara. Karatasi za majibu zilikuwa katika makasha ya kadibodi, kila fungu limefungwa kwa kamba ya katani, na juu yake karatasi ya mahudhurio ya mtihani. Tulifungua makasha sita bure. Katika la saba tukaiona karatasi ya mahudhurio ya somo lile, na ndani yake jina lake, nambari yake ya usajili, na sahihi yake ya miaka minne nyuma kwa wino wa buluu. Akaigusa kwa kidole. Hakusema neno. Miaka miwili alikuwa akiambiwa huenda hakufanya mtihani.

Fungu la majibu halikuwepo. Mwalimu wa somo lile alikuwa mhadhiri wa muda. Mihula miwili hakulipwa, akaenda kufundisha mji mwingine, na karatasi zikabaki nyumbani kwake. Nilipompigia simu hakukana. "Mimi nilisahihisha," akaniambia. "Nilipoomba malipo yangu nikaambiwa ningoje. Basi nikangoja." Baada ya majuma mawili fungu lilikuja kwa basi ndani ya gunia la sukari. Yule kijana alikuwa na B. Alihitimu mahafali yaliyofuata, na mwalimu yule alilipwa mwaka mmoja baadaye. Huwa namfikiria huyo mwalimu kila nikisikia watu wanasema wahadhiri ni wavivu.

Sasa fuata nyayo za kistari kile kwenda juu, dada, uone kila hatua ina mwenyewe. Mkuu wa idara ndiye aliyetakiwa kudai maksi muda wa kusahihisha ulipokwisha. Kitivo kilipaswa kukataa kupitisha matokeo yenye mapengo. Msajili wa masomo alikuwa na mfumo wa kompyuta unaoweza kumwonyesha kila kistari cha chuo kizima kwa asubuhi moja, na hakuna aliyemwomba autumie hivyo. Seneti ya chuo, chombo chake kikuu cha mambo ya masomo, ilitunga kanuni ya muda wa maksi kuingia, kisha haikuuliza kanuni inafuatwa kiasi gani. Na juu yao wote, kuna fedha.

Kwa nini mhadhiri wa muda asilipwe? Tangu 1998 vyuo vyetu vya umma vilizoea kuishi kwa karo za wanafunzi wa kujilipia. Mwaka 2016 wizi wa mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza sekondari, ulipobanwa, waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, wakashuka kutoka zaidi ya 169,000 mwaka 2015 hadi 88,929. Watoto hawakupoteza akili kwa mwaka mmoja, ni kipimo kilichoacha kudanganya. Lakini idadi ile ndogo iliweza kupewa nafasi za serikali karibu yote, na kisima cha wanafunzi wa kujilipia kikakauka. Wakati huo huo serikali ilikuwa imepanga kulipia asilimia 80 ya gharama ya kila programu, na kilichotoka kikawa pungufu mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2023 ukaja mpango mwingine, wa kumpa kila mwanafunzi ufadhili na mkopo kulingana na hali ya nyumbani kwao, na nao ukaishia mahakamani. Katikati ya misukosuko hiyo vyuo vililimbikiza madeni: makato ya pensheni yasiyopelekwa, wauzaji wasiolipwa, wahadhiri wa muda wasiolipwa. Hata wa kudumu waligoma mwaka 2025 kwa ajili ya malimbikizo ya makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021. Nayaeleza haya ili mkienda kudai, mjue na chuo nacho kina wa kumdai. Uwajibikaji unaoishia mlangoni pa Naibu Chansela na kumwacha anayeshika hazina ya taifa ni nusu ya kazi.

Mmeuliza chuo kinampa nani hesabu. Kwa fedha, ni Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Chuo humpelekea taarifa zake ndani ya miezi mitatu baada ya mwaka wa fedha kufungwa, naye kwa mujibu wa Kifungu cha 229 cha Katiba anatakiwa kuwa ametoa ripoti ndani ya miezi sita, yaani kufikia mwisho wa Desemba, na Bunge lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Ripoti hizo ni za umma, zisomeni. Msitishwe na kurasa. Tafuteni kwanza maoni ya mkaguzi: yako safi, au yana kasoro alizozitaja, au amesema taarifa hazionyeshi hali ya kweli, au amekataa kutoa maoni kwa kukosa nyaraka. Kisha tafuteni mahali panapotajwa madeni ya muda mfupi, mlinganishe na mali ya muda mfupi. Chuo ambacho madeni yanayodaiwa sasa yameizidi mali inayoweza kuyalipia, kina makasha kama yale ya stoo. Na kifungu hicho hicho kinamtaka mkaguzi aseme kama fedha za umma zimetumika kisheria na kwa namna yenye tija. Neno hilo la tija lina uzito. Mkaguzi ana ruhusa ya kuuliza karo ya mtoto wenu ilizaa nini, na mbunge wenu ana ruhusa ya kumuuliza Naibu Chansela mbele ya kamati ya Bunge.

Kwa ubora, ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyowekwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Hiyo ndiyo inayoidhinisha vyuo na programu zao na kukagua kama viwango vinatunzwa. Mwaka 2019 chuo kimoja cha umma kilitunuku shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja. Zamani nami ningeipigia makofi hesabu hiyo, maana shahada za uzamivu ni shabaha ya kila kandarasi. Tume ikataka kujua wasimamizi walikuwa wangapi, na kila mmoja alisimamia wanafunzi wangapi. Hilo ndilo swali la mpimaji mzuri: hesabu ikiwa kubwa ghafla, anauliza imetoka wapi. Tume haikai na maksi za mtu mmoja mmoja, lakini malalamiko ya aina moja yakitoka kwa wengi, huwa na la kuuliza. Kwa uuguzi, uhandisi, sheria na fani kama hizo, kuna na mabaraza ya taaluma. Kabla hamjamlipia mtoto wa kumi na mbili, hakikisheni baraza la fani yake linaitambua programu hiyo katika chuo hicho. Nimeona familia zikiuza shamba kisha zikakuta mlango huo umefungwa.

Kabla sijafika kwenye barua ya kuandika, nina hofu moja lazima niiseme. Mtu akisikia maneno yangu juu ya walioingia na waliotoka, atasema basi vyuo vilipwe kwa idadi ya wanaohitimu kwa wakati. Jimbo la Tennessee, Marekani, lilianza njia ya kufungamanisha sehemu ya fedha na matokeo mwaka 1979, na mwaka 2010 likapitisha sheria iliyofanya karibu fedha zote za msingi zifuate matokeo. Majimbo mengi yakaiga. Watafiti walioyafuatilia hawakuona wahitimu wakiongezeka kama ilivyotarajiwa. Walichoona mahali pengine ni vyuo kuongeza vyeti vya muda mfupi, kwa kuwa navyo vinahesabiwa, na kuanza kuchagua wanafunzi ambao hawana hatari ya kukwama. 

Fikiria lingekuwa hapa kwetu. Mtoto ambaye hana hatari ya kukwama ni nani? Si mtoto wa wadi ya Basuba, ambako skuli zilifungwa kwa ukosefu wa usalama na watoto wakapoteza miaka. Si mtoto wa mvuvi wa Kizingitini anayengoja pesa za mkopo zitoke ndipo alipe chumba. Chuo kikilipwa kwa wanaotoka tu, kitajifunza kuwakwepa hao mlangoni, na takwimu zake zitapendeza. Tennessee yenyewe iliona hatari hiyo ikaongeza uzito wa wanafunzi wa kipato cha chini na watu wazima katika hesabu yake. Kwa hiyo mkipewa idadi ya waliohitimu, ulizeni na wangapi waliingia, waliingia na alama gani, wanatoka wapi. Na pasi zikipanda ghafla, ulizeni mitihani imesahihishwa na kukaguliwa na watahini wa nje kama ilivyokuwa. Chuo kinachomchukua mtoto wa C+ kutoka Kiunga na kumtoa mwalimu kamili kwa miaka minne kimefanya kazi kubwa kuliko kinachomchukua wa A na kumtoa akiwa wa A.

Sasa haki yenu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeeleza namna. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo, basi msimtafute mtu wa kuwaandikia Kiingereza. Hamlazimiki kueleza sababu. Kuomba hakuna ada, labda gharama ya kunakili. Chuo kina siku 21 za kujibu, kinaweza kuongeza si zaidi ya 14 kikitoa sababu, na kikinyamaza, sheria inahesabu kuwa kimekataa, nanyi mna siku 30 za kupeleka shauri kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile tunayoiita Ombudsman. Andika kwa jina lako mwenyewe, kama raia, utaje na kamati.

Yatenge mambo mawili. Kuna habari za chuo, na kuna habari za mtoto. Maksi za mtu ni zake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda, hata kama nyinyi ndio mliolipa. Kwa hiyo wale wanne kila mmoja aandike barua yake kwa mkuu wa idara, nakala kwa mkuu wa kitivo na kwa msajili wa masomo: msimbo wa somo, muhula, tarehe ya mtihani, ukumbi alioketi, jina la mwalimu, na nakala ya kadi ya mtihani kama anayo. Aombe karatasi ya mahudhurio itafutwe. Asiombe "msaada", aombe karatasi hiyo kwa jina lake. Na waende siku moja wote wanne. Mmoja akienda peke yake huambiwa arudi Jumatatu.

Zungumzeni nao pia kwa upole, mlango umefungwa, wazee wasiwepo. Katika wanne, inawezekana yuko ambaye somo lile hakulifanya, au alianguka akaona haya kuwaambia watu waliomchangia. Nimewaona wengi wa namna hiyo. Akisema kweli mapema, kuna mitihani ya marudio. Akisubiri hadi muda wa juu wa programu upite, hata mimi sina la kumsaidia.

Barua ya kamati kwa Naibu Chansela iwe fupi. Mimi ningeiandika hivi, nawe ujaze programu na miaka:

"Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ninaomba kuelezwa, kwa kila moja ya programu zifuatazo: wanafunzi wangapi walisajiliwa mwaka wa kwanza; wangapi kati yao walihitimu katika muda wa kawaida wa programu, na wangapi mwaka mmoja baadaye; kati ya waliobaki, wangapi wamezuiwa na maksi ambazo hazijaingia, wangapi na karo, wangapi na mitihani ya kurudia, na wangapi wameacha masomo. Ninaomba pia nakala ya kanuni ya Seneti inayoeleza maksi ziingie ndani ya siku ngapi baada ya mtihani, na cheo cha afisa anayehakikisha kwamba kanuni hiyo inafuatwa. Siombi jina la mwanafunzi yeyote."

Hilo la cheo usiliondoe hata ukishauriwa. Chuo kinaweza kukupa takwimu zote ulizoomba na bado kusiwe na mtu hata mmoja ambaye kistari kikiwepo, ni juu yake.

Kwa hao watatu wanaoendelea, msingoje mwaka wa nne. Kila muhula ukifungwa, mtoto alete hati ya matokeo na taarifa ya karo, mweke katika faili yake hapo Langoni. Kistari cha mwaka wa kwanza hutatuliwa kwa siku moja, maana mwalimu yupo na kasha halijahamishwa. Na kamati nayo itundike mahali pa wazi, ukumbini au msikitini, imepokea kiasi gani na imelipia nini, bila majina ya watoto, ili mnapokwenda kudai hesabu mwe mmekwisha kutoa yenu.

Peleka barua kwa mkono ikiwezekana, uende na nakala ya pili, ugongewe muhuri wenye tarehe kwenye masjala ya chuo. Siku 21 zinahesabiwa kutoka kwenye muhuri huo. Zikipita kimya, nitumie picha ya nakala hiyo, nami nitakuandalia ile ya Ombudsman siku hiyo hiyo, uitie sahihi na kuituma wewe.